Muuzaji anasema PS5 imepanda kwa ushuru wa Trump: ninunue sasa au nisubiri?

*Mtaalamu, habari za kazi. Nina chumba cha gemu Mwanjelwa, hapa Mbeya, chenye PS4 tatu. Vijana wanataka PS5, na wanachuo wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) wananiuliza kila siku kama nitaweka kompyuta. Nimedunduliza milioni 8, nikipanga PS5 mbili na kompyuta mbili za gemu. Nilipopiga simu Kariakoo, muuzaji akaniambia bei zimepanda kwa sababu Trump ameweka ushuru wa asilimia 145, na nisipolipa wiki hii zitapanda tena. Shemeji yangu yuko Texas, anasema atanunua huko aje nazo akija likizo. Jamaa mwingine ananishawishi nikachukue Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, eti huko hakuna ushuru. Ninunue sasa, nisubiri, au nipite njia ipi?*

Habari ni nzuri, ndugu yangu. Milioni 8 za kudunduliza kwenye chumba cha gemu si pesa ya kutupa kwa sababu ya simu moja ya muuzaji mwenye haraka, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutuma. Watu watatu wamekupa ushauri, na ushauri wa wote unagusa neno moja, ushuru, kila mmoja kwa maana yake. Tukizitenganisha hizo maana, sehemu kubwa ya swali lako inajijibu.

Tuanze na huo wa Trump. Ushuru wa Marekani unalipwa na mwagizaji wa Marekani, kwa serikali ya Marekani, mzigo unapoingia Marekani. Kiwanda cha China hakilipi, wala wewe wa Mwanjelwa hulipi. Chukua kiwanda kimoja cha Shenzhen kinachotoa makontena mawili ya konsoli, yaani mashine za gemu kama PS5, siku moja. Moja linakwenda Los Angeles: kampuni iliyoliagiza inajaza fomu za forodha na kulipa kiwango kilichopo siku hiyo. La pili linakwenda Jebel Ali kule Dubai, au linakuja moja kwa moja Dar es Salaam: halijakanyaga ardhi ya Marekani, kwa hiyo hakuna anayelidai hata senti ya ushuru ule. Mzigo wa Kariakoo kwa kawaida umepita njia ya kontena la pili.

Na hiyo asilimia 145 yenyewe ni habari ya zamani. Tarehe 2 Aprili 2025 Marekani ilitangaza viwango vipya kwa karibu nchi zote: China asilimia 34 juu ya 20 iliyokwishawekwa mwezi Februari na Machi, Vietnam 46, Taiwan 32, Japani 24. Siku chache baadaye nchi nyingine zikapewa nafasi ya siku 90, lakini China ikapandishiwa mpaka jumla ikafika 145. Kiwango hicho kilidumu kama mwezi mmoja tu. Katikati ya Mei 2025, baada ya mazungumzo ya Geneva, kikashushwa hadi 30, na Novemba mwaka huohuo kikashuka tena hadi 20. Katikati ya hayo, tarehe 11 Aprili, kompyuta, simu na vipuri vingi vya kompyuta viliondolewa kwenye ule ushuru mkubwa wa Aprili. Konsoli za gemu hazikuondolewa. Shika hilo la konsoli kutenganishwa na kompyuta, maana utalikuta tena hapa kwetu, kwa sababu tofauti kabisa.

Hata wakati ule wa 145, hakuna konsoli iliyopanda bei madukani Marekani kwa asilimia 145. Ushuru hutozwa kwenye thamani ya mzigo unapoingia nchini, siyo kwenye bei ya rafuni, ambayo tayari ina faida ya duka, matangazo na usafiri wa ndani. Maghala nayo yalikuwa na mzigo uliokwishaingia kabla. Sony walipopandisha bei ya PS5 huko Marekani, Agosti 2025, waliongeza dola 50: yenye kisomeo cha diski ikafika dola 549.99, isiyo na diski 499.99, na Pro 749.99. Kwa ile ya kawaida hiyo ni nyongeza ya asilimia 10. Muuzaji wako ametaja namba ya kutisha iliyokwishakufa, akaibandika kwenye mzigo usiohusika nayo.

Hata hivyo, nisikudanganye kwamba mgogoro ule hautufikii. Unatufikia kwa njia za kuzunguka, nazo ukizijua utajua bei ipi ni ya haki.

Njia ya kwanza ni kampuni kusambaza maumivu. Kampuni inayouza dunia nzima haipendi Marekani iwe ghali peke yake, basi wakati mwingine hupandisha kila mahali ili nchi moja isibebe yote. Microsoft walipandisha bei za Xbox duniani kote tarehe 1 Mei 2025: Series X kutoka dola 499.99 hadi 599.99, Series S kutoka 299.99 hadi 379.99. Oktoba wakapandisha tena kwa Marekani, hadi 649.99 na 399.99. Sony nao, kabla hata ya kugusa bei ya Marekani, walipandisha bei Ulaya, Uingereza, Australia na New Zealand mwezi Aprili 2025, wakitaja mfumuko wa bei na kuyumba kwa fedha. Dubai, ambako mzigo mwingi wa Kariakoo unatoka, bei ya jumla hufuata mkondo huo wa dunia.

Njia ya pili ni viwanda kuhama. Hili halikuanza 2025. Septemba 2018 Marekani iliweka asilimia 10 kwenye kundi kubwa la bidhaa za China, zikiwemo kadi za grafiki (zinazotengeneza picha kwenye skrini) na madabodi (mabamba makuu ya kompyuta), na Mei 2019 ikawa 25, ingawa baadaye baadhi ya vipuri hivyo vilipewa msamaha. Juni 2019 Sony, Microsoft na Nintendo, washindani wa damu, waliandika barua moja ya pamoja kupinga konsoli zisiwekwe kwenye orodha iliyofuata. Walieleza kuwa zaidi ya asilimia 96 ya konsoli zilizoingia Marekani mwaka 2018 zilitengenezwa China. Ushuru huo ulipangwa kuanza tarehe 15 Desemba 2019, ukasitishwa dakika za mwisho. Lakini woga ulikwishaingia: Nintendo wakaanza kuhamishia sehemu ya utengenezaji wa konsoli yao ya Switch Vietnam. Ndiyo sababu ile 46 ya Vietnam iliwagonga. Bei ya Switch 2, dola 449.99, ilitangazwa siku ileile ya 2 Aprili 2025, na oda za awali za Marekani zilizokuwa zianze tarehe 9 zikasogezwa hadi 24. Kuhamisha kiwanda, kufundisha mafundi wapya na kusafirisha vipuri kutoka China kwenda kuunganishwa nchi nyingine kuna gharama, na gharama hiyo haiondoki ushuru ukishushwa. Hubaki ndani ya bei ya kila kifaa, kiende Texas au kije Mbeya.

Njia ya tatu ni dola. Mzigo wote huu hununuliwa kwa dola, hivyo shilingi ikiyumba bei inasogea bila Trump kusema neno. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo una haki ya kutajiwa bei kwa shilingi. Muuzaji akikwambia "dola mia sita, utalipa kwa chenji ya siku hiyo", anakubebesha hatari ambayo ilitakiwa iwe yake.

Sasa tuje kwenye ushuru unaokuhusu hasa: wa kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya hupangiwa kifungu, na kila kifungu kina kiwango chake: 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna ngazi ya 35 kwa baadhi ya bidhaa. Kompyuta ziko kwenye kifungu 8471, na kiwango chake ni sifuri. Vipuri vya kompyuta vya kifungu 8473.30, kama madabodi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na kadi za grafiki, navyo ni sifuri. Konsoli za gemu ziko 9504.50, zinahesabiwa pamoja na vitu vya michezo na burudani, na hulipa asilimia 25. Pedi zake huingia kundi hilohilo. Kwa macho ya forodha, PS5 na kompyuta yenye nguvu sawa na PS5 ni viumbe wawili tofauti.

Tufanye hesabu, kwa bei za mfano tu. Chukulia PS5 imenunuliwa Dubai kwa dola 450, usafiri na bima dola 30. Thamani ya kukokotolea kodi ni dola 480, kwa sababu kodi hutozwa kwenye bei pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa asilimia 25 ni dola 120. Kuna tozo ndogondogo, ya maendeleo ya reli na ya uchakataji wa nyaraka za forodha. Tuziweke kwa makadirio asilimia 2, yaani karibu dola 10. Jumla 610. Hapo ndipo VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote, ukiwemo ushuru wenyewe: dola 110. Inafika dola 720. Kwa chenji ya mfano ya shilingi 2,500, hiyo ni 1,800,000 kabla muuzaji hajaweka faida yake, na 600,000 kati yake ni kodi zetu wenyewe.

Kadi ya grafiki ya kompyuta yenye thamani ya dola 330 pamoja na usafiri inakwenda hivi: ushuru sifuri, tozo karibu dola 7, VAT karibu 61. Jumla karibu dola 398. Kadi hiyohiyo ikiandikwa vibaya ikaingizwa kwenye kifungu cha asilimia 25, inafika karibu 495. Dola 97 zimepotea kwa maelezo mabovu kwenye karatasi.

Kwa hesabu hizo, kila dola moja inayoongezeka kwenye bei ya nje inakufikia kama dola 1.5 ikiwa ni konsoli, na kama dola 1.2 ikiwa ni kompyuta. Basi zile dola 50 za Sony, kama zingepita zote hadi Dubai, kwako zingekuwa dola 75, karibu shilingi 187,500. Muuzaji akikwambia PS5 imeongezeka laki moja na nusu tangu mwaka jana, inawezekana kabisa. Akisema imeongezeka laki sita kwa sababu ya Trump, hapo vita vya panzi vimekuwa furaha ya kunguru. Muulize maswali mawili bila ugomvi: mzigo huu umetoka nchi gani, na uliingia lini? Kama uliingia miezi mitatu iliyopita, bei ya wiki ijayo haijaugusa. Na sema mapema kwamba utahitaji risiti ya EFD yenye namba ya kifaa. Mwenye mzigo halali hakasiriki kusikia hivyo.

Kwa shemeji wa Texas, nakushauri umshukuru na umwombe asinunue konsoli. Duka la Marekani ndiko mahali ambapo ushuru wa Marekani unaweza kuwa ndani ya bei, na msafiri anayetoka na kifaa harudishiwi. Juu yake analipa kodi ya mauzo ya jimbo, ambayo Texas inafika asilimia 8.25 pamoja na ya mji. Akishuka uwanja wa ndege hapa, vifaa vipya kwenye maboksi vya kuweka chumba cha biashara si mizigo binafsi ya msafiri. Afisa ana haki ya kudai ushuru na VAT kama kawaida. Unaweza kujikuta umelipia ushuru wa nchi mbili kwenye PS5 moja. Ongeza na dhamana, ambayo kwa kawaida inahudumiwa nchi ya ununuzi. Umeme haukusumbui kwenye PS5, kwani pawa saplai yake inapokea volti 100 hadi 240, na plagi utabadilisha tu. Lakini kompyuta nzima iliyounganishwa Marekani iangalie mgongoni kabla ya kuichomeka. Baadhi ya pawa saplai za bei nafuu zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, ya 115 na 230. Ikiwa imeachwa 115 ukachomeka kwenye umeme wa TANESCO, pawa saplai inaungua sekunde hiyohiyo, na inaweza kuondoka na madabodi. Kama shemeji anataka kusaidia kweli, alete kitu chepesi ambacho kwa wakati huo huko kina punguzo la wazi, na akitaje kwa afisa wa forodha akiulizwa.

Nakonde sasa. Maneno ya "hakuna ushuru" yana chembe ya ukweli iliyopotoshwa. Tanzania na Zambia zote ziko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na ndani ya SADC kuna bidhaa zinazovuka bila ushuru. Ila msamaha huo unafuata mahali bidhaa ilipotengenezwa, na lazima kuwe na cheti cha uasili. PS5 iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Zambia kwa kulala ghalani Nakonde usiku mmoja. Utaratibu ule wa COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) wa wafanyabiashara wadogo, ambao wengine wanautaja, haukuhusu pia: Zambia imo COMESA, sisi tulijitoa mwaka 2000. Kwa hiyo mzigo ukivuka kihalali unalipa 25 na VAT vilevile, na juu yake umebeba kodi ambazo Zambia ilikwishatoza. Bei ikiwa chini kwa kutisha, ujue imekuwa chini kwa sababu mtu fulani ameruka kodi, au kifaa ni cha mtumba kilichosafishwa boksi. Ukikamatwa, sheria ya forodha inaruhusu mzigo kutaifishwa na chombo kilichoubeba kushikiliwa, awe ni mwenye Noah au bodaboda uliyemkodi kwa nia njema. Na hata ukipita, chumba chako cha Mwanjelwa ni biashara yenye anwani. Siku wakaguzi wakiomba nyaraka za vifaa, hutakuwa nazo.

Tahadhari hiyohiyo inawahusu wasafirishaji wanaokutoza kwa kilo, "ushuru humohumo". Wapo wanaolipa kodi kweli na kukupa karatasi. Wapo pia wanaochanganya mzigo wako na nguo na vyombo vya plastiki na kuutaja kwa thamani ya uongo. Omba kabla ya kulipa: je, nitapata nakala ya tamko la forodha lenye kifaa changu? Akijibu kwa kuzunguka, tafuta mwingine.

Kwenye kompyuta, hofu yako iko mahali pasipo. Kwa ushuru wetu ndizo nafuu, lakini zimebanwa na jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja: RAM. Soko la chipu za kumbukumbu duniani linashikwa zaidi na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vinanunua kumbukumbu kwa wingi, na viwanda vimeelekeza mashine zao kwenye aina inayotakiwa huko, ambayo hula nafasi kubwa zaidi kiwandani kuliko RAM ya kawaida. Desemba 2025 Micron walitangaza kuifunga Crucial, chapa yao ya RAM na SSD (diski za kuhifadhia za kisasa) kwa wateja wa kawaida. Hakuna ushuru unaoweza kushushwa kesho ukalimaliza hilo. Kiwanda kipya cha chipu huchukua miaka. SSD na kadi za grafiki nazo hutumia chipu za kumbukumbu, hivyo zinavutwa na kamba hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo nisingejenga kompyuta mpya kabisa za DDR5, yaani RAM ya kizazi kipya, kwa bajeti yako. Ningetafuta kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8 kuendelea na RAM ya GB 16 ya DDR4, kizazi cha nyuma yake, ikiwa tayari ndani. Unainunua RAM ikiwa imejificha kwenye bei ya kompyuta nzima, na mara nyingi hiyo ndiyo bei ya huruma. Kisha unaongeza kadi ya grafiki. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Kwanza boksi: chukua lile refu la mnara, maana lile jembamba linakubali kadi fupi za nusu kimo tu. Pili pawa saplai: za ofisi nyingi ni dhaifu, hazina waya wa ziada wa kadi, na Dell na HP hutumia plagi zao wenyewe, hivyo huwezi kubadilisha na ya kawaida bila adapta. Chagua kadi inayokula umeme wa sloti (nafasi inapochomekwa kwenye madabodi) peke yake, ambao ukomo wake ni wati 75. RTX 3050 ya GB 6 ni ya wati 70 na matoleo yake mengi hayahitaji waya. GTX 1650 isiyo na plagi ya waya nayo inafaa. Epuka RX 6400 kwenye mashine hizi. Ni nzuri kwa umbo, lakini inatumia njia nne tu za mawasiliano, na kwenye madabodi ya kizazi cha tatu ya sloti inapoteza nguvu kwa kiasi unachokiona kwa macho.

Kadi za mtumba zina historia yake. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Si zote mbovu. Ijaribu kwa nusu saa gemu nzito ikiwa inaendelea, siyo ukurasa wa mwanzo tu. Sikiliza feni kama inakwaruza, tazama kama kuna vidoti vya rangi kwenye skrini, na angalia joto kwenye programu: ikipita nyuzi 85 na kuendelea kupanda, mwachie mwenyewe. Na usidhani kila kinachoingia kwenye kompyuta hakina ushuru. SSD ina kifungu chake, 8523.51, vifaa vya masikioni 8518, viti 9401. Kila kimoja ulizia kabla ya kuagiza.

Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, mwombe muuzaji aandike kwenye ankara maelezo kamili na ya kweli: "kadi ya grafiki ya kompyuta, modeli fulani, vipande viwili, bei ya kila kimoja". Ankara inayosema "vifaa vya gemu" inamwachia afisa akisie, na neno gemu linampeleka moja kwa moja kwenye 9504.

Sasa swali lenyewe: sasa au subiri? Usilijibu kwa habari za Washington, lijibu kwa daftari lako la mechi. Kama unatoza shilingi 500 kwa mechi na skrini moja inacheza mechi 30 kwa siku, zile 187,500 ni mechi 375, siku 12 au 13 za skrini moja. Ukisubiri miezi mitatu kwa matumaini kwamba dola 50 zitaondolewa, umepoteza mapato makubwa kuliko unachookoa, na hata hivyo kampuni zikipandisha bei za vifaa ni nadra kuzishusha haraka. Lakini hesabu hiyo inasimama tu ikiwa PS5 italeta mechi mpya. Kama vijana walewale watahama kutoka PS4 kwenda PS5 na kulipa 500 ileile, umenunua mapambo. Gemu la mpira la FC 26 lilitoka hata kwa PS4, na kwa chumba ambacho mpira ndio unalisha nyumba, PS4 zako bado ni ng'ombe wa maziwa. Waulize wiki moja, kwa dhati: mechi ya PS5 ikiwa 700 au 1,000, utacheza? Hesabu wanaosema ndiyo na kurudi.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mimi ningenunua PS5 moja badala ya mbili, na kompyuta zote mbili za aina niliyoeleza, kwa sababu wanachuo ni wateja wapya ambao PS4 haiwezi kuwaleta. PS5 iwe yenye kisomeo cha diski. Isiyo nacho ni nafuu kununua, ila kila gemu utainunua mtandaoni kwa bei ya duka la Sony, huwezi kubadilishana diski na mwenzako wa Soweto ya hapo Mbeya wala kuiuza ikichuja. Kwenye toleo jembamba la tangu 2023 kisomeo kinaweza kuongezwa baadaye, lakini kinalipiwa peke yake na kinahitaji intaneti mara ya kwanza kinapofungwa. Bakiza angalau milioni moja usiiguse: pedi za akiba, maana vijiti vyake huchakaa haraka chumbani kuliko nyumbani, na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kwa kila kompyuta. Umeme unaokatika katikati ya mvua za Machi unaua diski na madabodi bila kuuliza kifaa kimelipiwa ushuru au la.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama utaagiza mwenyewe mzigo wa zaidi ya kifaa kimoja viwili, nenda ofisi ya TRA mkoa wa Mbeya ukiwa na ankara ya awali, kabla hujalipa muuzaji, uulize kifungu na viwango vya mwaka huu wa fedha, kwani bajeti ya kila Juni inaweza kuvigusa. Kifaa kikiwa na utata, omba uamuzi wa awali wa uainishaji kwa maandishi. Ukiwa nao, mabishano bandarini yanapungua sana. Mzigo ukipita Tunduma au Dar, mtumie wakala wa forodha mwenye leseni, na leseni uione kwa macho. Na kompyuta za mtumba usizilipe kwa picha za WhatsApp. Nenda na fundi, mfungue boksi, msome lebo ya pawa saplai, na RAM muihesabu mkiwa palepale dukani.